Jani Lililokunjwa Mara Mbili

"Jani la kwenu, mkunjo wa mwenyeji." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo ndugu yenu Asimwe anayefunga begi la safari, nanyi mmekuja mbio kuniuliza maana yake. Kaeni basi, na simu hizo wekeni chini. Maneno haya yalizaliwa mezani, katika nchi ya watu, na aliyeyaleta kwetu ni marehemu kaka yangu Rugemalira.

Kaka alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa hapa Bukoba. Kiwanda kikampeleka kusini mwa India, akajifunze mashine mpya kwa fundi mmoja aitwaye Murugesan. Muungwana kweli kweli yule bwana! Wakielewana kwa Kiingereza chao cha kiwandani, wakawa marafiki. Siku moja Murugesan akamwalika mgahawani, siku ambayo wakwe walikuja kukamilisha posa ya binti yake, Selvi. Bibi yake bwana harusi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Kaka akaketi, na mbele yake wakamtandikia nini? Jani la mgomba! Mhaya gani, aliyekulia migombani, asifurahi? Wakampakulia wali, mchuzi wa dengu wenye ukwaju, chatine ya nazi, achari ya embe, papadi nyembamba za kukaanga, kisha uji mtamu wa maziwa na korosho. Nyama hakuna hata chembe, lakini kaka aliapa mpaka kufa kwake kwamba hajapata kula chakula kitamu kama kile. Alikula kwa mkono, akalamba vidole, na wenyeji wakafurahi kumwona.

Alipomaliza akafanya kama tulivyolelewa. Akalikunja jani kuelekea mbele, akalisukuma kidogo.

Bibi akasimama, akajitanda sari yake vizuri, na mjukuu wake, bwana harusi, akasimama naye. Selvi akainamisha kichwa, machozi yanamlengalenga.

"Nimefanya nini?" kaka akanong'ona.

"Huku jani hukunjwa kuja upande wako," Murugesan akajibu. "Kulikunja kwenda mbele ni kwenye chakula cha matanga. Bibi anaona umeleta msiba kwenye ndoa ya mwanangu. Anaondoka."

Lo! Mwingine angeanza kueleza habari za Bukoba. Kaka hakueleza kitu. Alilivuta lile jani, akalikunjua, akalitandaza upya.

"Mwambie bibi akae. Mimi bado nakula."

"Rugemalira, umeshiba wewe."

"Nani kakwambia? Waite walete wali!"

Wali ukaja. Kaka akala upya, tangu mchuzi hadi uji, jasho linamtiririka, mkanda kaulegeza. Bibi amesimama palepale, anamtazama tu. Kaka alipotaka kupumua, bibi akamwonyesha mpakuzi kwa kidole: mwongeze huyu! Kaka akaongezwa, akala. Mwishowe akalishika jani, akalikunja polepole kuja kwake, macho yake yakiwa kwa bibi.

Bibi akaketi. Alicheka yule bibi, mpaka akajifuta machozi kwa pindo la sari.

"Huyu mgeni lazima aje harusini," akasema, Murugesan akatafsiri. "Ila jani lake nitalikunja mimi."

Na siku ya harusi ya Selvi, bibi aliinuka mahali pake pa heshima, akamwendea kaka, akamkunjia jani kwa mikono yake mwenyewe.

Haya, mwacheni Asimwe aende zake. Akifika huko ale vizuri, na akiona kitu anachokijua tangu utotoni, aulize kwanza. Jani la kwenu, mkunjo wa mwenyeji.