Siwatu na Vinyweleo vya Sikio

Mwili wa binadamu ulipokuwa bado mlegevu kama unga uliozidi maji, ndani ya kila seli mlikuwa na nyuzi nyembamba zilizolala ovyo. Wasomi wa siku hizi huziita aktini. Uzi mmoja peke yake haukufaa kitu, ukiusimamisha ulipinda. Lakini zikikusanywa na kufungwa pamoja, nyuzi hizo zilisimama kama fito za ukuta wa nyumba ya udongo.

Kazi ya kufunga ilikuwa ya mwanamke aitwaye Siwatu, akisaidiwa na binti yake, Tabu. Mwili mzima haukuwa na fundi mwingine. Mfupa ulimwita, ngozi ikamwita, na kabla hajanyoosha mgongo alikuwa ameshaitwa kwingine. Vidole vyake vilikakamaa hata kikombe akawa anakishika kwa viganja.

Fundo lake lilikuwa moja, alilofundishwa na mama yake, nayo desturi yake ilikuwa kulijaribu kwa meno. Likisogea hata kidogo, alilifungua akaanza upya. Haikuwa majivuno. Aliona hana zawadi nyingine ya kumpa mtu ila kazi isiyofumuka. Utumboni walimshukuru sana, maana vile vidole vidogo vya ukuta wa utumbo vilisimama, na chakula kikaanza kunyonywa badala ya kupita tu.

Walinzi wa damu, zile chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, walipoona hivyo wakaomba nao wafungwe. Siwatu akawafunga kwa fundo lilelile, akalivuta kwa meno, akarudi nyumbani ameridhika.

Kisha mwiba ukachoma kisigino. Walinzi wakaitwa, lakini ili mlinzi afike kwenye kidonda ni lazima ajikunje na kujipenyeza katikati ya ukuta wa mshipa. Hawakuweza. Mkuu wao, Makame, akaja kubisha mlangoni kwa Siwatu.

"Karibu uketi," Siwatu alisema.

"Niketi vipi, Bi Siwatu? Umenifunga kama mzigo wa kuni. Kisigino kinaoza, na sisi tumejipanga mshipani kama boriti za kuuzwa."

"Kazi yangu haifumuki, Makame."

"Ndiyo shida yenyewe, mama."

Joto la homa lilikuwa limeanza kupanda, na hata pale ndani walilisikia. Siwatu aliwaza kuwafungua walinzi wote, akavitazama vidole vyake, akajua hataweza.

Tabu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ninalo fundo jingine. Likionja chokaa, ile inayojenga mifupa, linalegea. Chokaa ikipungua, linakaza tena."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilikosea lako. Nikalificha, kwa sababu kwa meno yako lisingepita."

Siwatu akaomba alione. Akalitia mdomoni, akalivuta, nalo likasogea. Maisha yake yote angelifungua papo hapo. Safari hii alilirudisha kama lilivyokuwa. Alijua pia kwamba walinzi hawatulii mahali pamoja, na atakayewafunga atazunguka nao.

"Ukienda, hutarudi kulala hapa," alisema.

"Najua, mama."

"Basi chukua shuka langu. Huko mishipani kuna upepo."

Tabu akaenda, akafungua mafundo ya mama yake na kufunga lake. Walinzi wakalegea, wakapenya, wakakaza upya upande wa pili, na homa ikashuka. Habari zikaenea, na kila kiungo kikaanza kulea mfungaji wake, mwenye fundo lililotokana na la Siwatu lakini lililobadilishwa kidogo kufuata kazi ya mahali pale. Siwatu aliwaacha. Hakumvuta mtu fundo lake kwa meno tena.

Sikio ndilo lililochelewa kuomba. Vinyweleo vyake vilitakiwa kusimama wima daima ili sauti ivitikise. Siwatu alikwenda mwenyewe, akavifunga kimoja kimoja, taratibu, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alipomaliza, sikio likamwomba amfundishe mtu wa kuvitengeneza vikija kuvunjika. Alisema, "Ngojeni nipumzike kidogo." Akajilaza palepale, asiamke, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtikisa.

Kuanzia hapo, utumbo una mfungaji wake, anayejenga upya kila ukuta unapochakaa. Damu ina wake, anayefunga na kulegeza mchana kutwa. Na wasomi, wakiwachungulia kwa darubini, huwaita wote protini za ukoo mmoja. Sikio peke yake halina wa kulirudishia kilichokwenda. Kelele kubwa ikivunja vinyweleo vyake, au miaka ikivichosha, vimekwisha. Kwa hiyo mtu mzima akikuinamia na kukuomba urudie ulichosema, usimkasirikie. Rudia, polepole, upande ule ambao bado unasikia.