Uzi Tumboni mwa Perege

Hadithi hii aliisema kwanza bibi yangu mzaa baba, Binti Kiuta, mwaka wa mafuriko yaliyochukua mpunga wote. Naiweka kama alivyoisema.

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kijiji, kale ambayo hakuna aliyeihesabu. Watu wake walilima pamba, wakaisokota, wakafua nyuzi katika bwawa lao moja. Walizipiga juu ya mawe, pwa! pwa! pwa! Manyoya ya pamba yakaelea, yakazama. Kesho yake tena, pwa! pwa! pwa!

Msimu mmoja perege, samaki wa bwawa lile, wakaanza kufa. Waliibuka ubavu ubavu, bwawa likawa jeupe. Ngwale, mkuu wa wasokotaji, alisema ni kazi ya Mwasiti, mjane aliyeishi kwa kuvua. Ametia utupa, alisema, ule mmea unaopondwa ili kulevya samaki. Mwasiti alikana. Akaambiwa afunge mzigo, ahame kabla jua halijatua.

Mwasiti akaenda kwa Bi Somoe, mkongwe wa kijiji. Bi Somoe hakumpa pole. Alimwuliza kama ana kisu kikali.

Wakashuka bwawani, kijiji kikafuata. Bi Somoe akaokota perege, akambonyeza. Tumbo gumu. Akampasua, chwaa! Hamkuwa na chakula, mlikuwa na donge la pamba. Akapasua wa pili: donge. Wa tatu: donge.

"Hawa wamekufa kwa njaa," akasema, "na matumbo yamejaa."

Katika donge akavuta uzi mrefu. Wasokotaji wote walisokota kwa mkono wa kulia. Ngwale peke yake alitumia wa kushoto, na uzi wake ulipinda kinyume. Walizoea kumtania kwamba shuka lake litamvaa yeye. Bi Somoe akampa uzi ule.

Ngwale akaugeuzageuza. "Ni wangu, bibi. Lakini pamba ni mmea. Hutuvika, hutuzika. Mmea wa shambani utamuua nani?"

"Na utupa, mjukuu wangu, ni nini?"

Watu wakacheka. Mmoja akanong'ona kwamba pamba huoza. Bi Somoe akamjibu kuwa itaoza, naam, lakini perege hangoji.

Tangu siku ile nyuzi zilifuliwa vyunguni, mbali na bwawa, na maji yake yakamwagwa shimoni ili pamba iozee udongoni. Shimo la kwanza alilichimba Ngwale mwenyewe. Kisha akaubeba mzigo wa Mwasiti kuurudisha ndani. Mwasiti alimwambia autue taratibu, mna vyungu.

Perege walirudi. Si mwaka ule, uliofuata.

Basi, kitokacho shambani si lazima kiwe rafiki wa maji. Na usimtaje mwenzio kabla hujampasua samaki.

Hadithi naitua hapa. Bi Somoe, Ngwale na Mwasiti ni watu wa kale, hakuna aliye hai. Binti Kiuta naye ametangulia. Kati ya tuliomsikiliza mwaka ule, tumebaki mimi na shangazi Asumini.