Shingo za Mitungi ya Nakijwa

"Uzuri wa mtungi, muulize mwenye kiu." Leo mmeisikia gulioni, mkacheka, kisha mkauliza nani aliyeianza. Basi tulieni. Aliyeianza alikuwa mfinyanzi, na siku hiyo hakuwa na nafasi ya kutunga methali. Alikuwa katikati ya ugomvi na shemeji yake.

"Mbuzi wangu haendi popote!" Nakijwa alisema, udongo umemfika viwikoni.

"Shemeji, sikiliza kwanza," Senkoro alisihi. Alikuwa ametoka kwenye semina ya biashara ya siku tatu, na kalamu ya semina ilikuwa bado mfukoni. "Tukimuuza, tunakodi gari la kipaza sauti siku nzima ya gulio. Linazunguka, linatangaza: Mitungi ya Nakijwa! Mitungi ya Nakijwa!"

"Kwani nani asiyeijua? Si wanapita pale wanaisifu mpaka mate yanawakauka?"

"Wanaisifu, ndiyo. Halafu wananunua ndoo."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Tangu maonyesho ya wilaya, ambako majaji walimpa cheti kwa mtungi wenye shingo ndefu, nyembamba, Nakijwa hakufinyanga wa namna nyingine. Watu walisimama mbele ya mitungi ile, wakaita wenzao waje kuona, wakasema shingo kama ya twiga. Kisha walivuka njia kwenda kwa muuza ndoo za plastiki. Magulio mawili mfululizo aliuza mtungi mmoja tu. Karani wa soko alikuwa amemwambia bila kuzungusha maneno: "Mama, gulio lijalo mitungi ikirudi nyumbani tena, nafasi yako nampa wa ndoo." Na ufinyanzi ndio uliokuwa ukimlisha yeye na wanawe.

"Au tuipake rangi," Senkoro aliendelea. "Nyekundu na bluu. Semina ilisema mteja hununua kwa macho."

"Huo mmoja uliouzika, aliununua nani?"

"Mama Nanzia, yule wa karibu na reli. Kwa nini?"

 Nakijwa alinawa mikono, akajifunga khanga, akashika njia.

Jua la tambarare lilikuwa kali, na alipopiga hodi kwa Mama Nanzia koo lilikuwa limekauka. Aliomba maji ya kunywa. Mtungi wake aliuona mara moja, umewekwa juu ya kabati, umechomekwa maua ya plastiki. Mama Nanzia aliupita, akachota maji kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni. Yalikuwa ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto.

Nakijwa alikunywa hivyo hivyo, kisha akauliza, "Mwenzangu, mtungi wangu umekukosea nini hata ukaupandisha kabatini?"

"Haujanikosea. Umenishinda." Mama Nanzia aliushusha, akauweka miguuni pake. "Kata haipiti, kikombe hakipiti. Nikiinamisha, nusu yanamwagika sakafuni. Kuosha ndani ndiyo usiseme. Ona." Alisukuma mkono ndani, ukakwama kwenye vidole. "Ila ni mzuri jamani! Kila mgeni anausifu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Mimi nikukosoe wewe uliyepewa cheti na wilaya?"

Nakijwa alicheka kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe. "Na maji haya ya moto unayanywaje?"

"Kwa shida. Natamani ule mtungi wa mama yangu, uliokuwa na mdomo kama sufuria. Ungekuja na kama ule leo, ningeununua, usingetoka nao hapa."

Aliporudi, Senkoro alikuwa amekwisha kumfunga mbuzi kamba. Nakijwa aliifungua, akamwachia mkononi, akaingia kibandani anakofinyangia. Mitungi thelathini ya gulio lijalo ilikuwa imepangwa mkekani, udongo bado unyevu, shingo zote zimenyooka. Aliitazama mara moja tu. Akachukua kisu, akaushika wa kwanza kiunoni, akaikata shingo pale inapoanzia. Ikaanguka chini kama kipande cha muhogo.

"Shemeji! Umechanganyikiwa? Hiyo ndiyo iliyokupa cheti!"

"Cheti hakinywi maji."

Akaupanua mdomo kwa vidole vilivyoloweshwa, akaulaza ukingo nje, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Akavuta wa pili.

"Lakini majaji walisema..."

"Majaji walikuja na soda zao. Uliona hata mmoja akichota?" Shingo ya pili ikaanguka. "Umesoma siku tatu namna ya kumpigia mtu kelele, Senkoro, na mimi nimefinyanga miaka ishirini. Kati yetu hakuna aliyekwenda kumwuliza anayetumia. Uzuri wa mtungi, muulize mwenye kiu."

Senkoro aliitazama kamba tupu mkononi mwake. Kisha aliiangusha, akakunja mikono ya shati.

"Kisu kingine kiko wapi?"

"Juu ya dari. Na usikate chini sana."

Walikata wote wawili, mpaka haikubaki shingo hata moja.