Mbwa Wasiojua Kusimama

Hapo zamani za kale, juu ya mlima wenye theluji, Fisi alifuga mbwa wa kazi. Walimvutia kuni kwa gari lisilo na magurudumu, linaloteleza juu ya theluji, shwaaa! Wewe unayecheka, nyamaza. Hadithi hii haichekeshi.

Mbwa akizaa, Fisi aliwatia watoto kidole mdomoni. Aliyemng'ata, alimlea. Aliyemlamba, alimtupa korongoni.

"Mbwa wa kazi, kulamba watu kwa nini?"

Sikitu, mbwa wake wa mbele, akazaa. Wanne waling'ata. Wa tano akalamba.

"Bwana, niachie huyo!" Sikitu akalia. "Nimekuvutia kuni tangu udogo wangu!"

"Funga mdomo!"

Jirani yao, Pimbi, akachomoka kwenye mawe. "Mzee Fisi! Na tumbo hilo, utateleza bure. Nipe mimi nikamtupe."

"Haya, we kapimbi. Lakini nisikie akidondoka!"

Mara, puu! chini korongoni. Fisi akaenda kula. Sikitu akalia mpaka sauti ikamkauka.

Kumbe lililodondoka ni jiwe! Mtoto yuko pangoni, ananyonya pamoja na watoto wa Pimbi. Wakamwita Pamba. Pimbi hakuthubutu kumwambia hata Sikitu, maana Fisi alikuwa na masikio makali.

Pamba akakua akiwavuta watoto wale kwenye kigari chao. Mmoja akianguka, wote hupiga kelele, "Simama!" Naye husimama tuli, akarudi kumlamba aliyeanguka.

Kwa Fisi? Thubutu! Aliyesimama alichapwa, chwa! "Mbwa wangu hawajui kusimama!" alijigamba.

Siku moja Fisi alimpakia binti yake, Chausiku, juu ya kuni. Gogo likaanguka, Fisi akashuka kuliokota. Mbwa hao, shwaaa! wakaondoka na mtoto, moja kwa moja kuelekea korongoni.

"Babaaa!"

"Simameni! Jamani, simameni!"

Nani aliwafundisha neno hilo?

Pimbi alisikia. "Pamba, kimbia!"

Pamba akaruka, akalala mbele ya mama yake. Sikitu akanusa. Ni harufu ya mwanawe! Akakita miguu yote. Gari likayumba, kamba zikakatika, paa! Gari likakoma ukingoni. Chausiku akamkumbatia Pamba shingoni.

Fisi akafika anahema, akamkuta Sikitu akilia, "Mwanangu wa tano!" Mnadhani alishukuru?

"Huyu si alikufa? Nilisikia puu!"

"Ulisikia jiwe, mzee," Pimbi akamjibu. "Huyo uliyemtupa ndiye kakuokolea mwana."

"Umenidanganya! Na wewe Sikitu, nani kakuruhusu kusimama?" Mjeledi, chwa! mgongoni kwa Sikitu.

"Baba, usimpige!"

Chwa! tena. Sikitu akaanguka. Damu ikatia doa kwenye theluji.

Wale wanne waliong'ata, waliokuwa wakivuta nyuma ya mama yao, wakageuka. Kamba hazikuwashika tena. Walikuwa na njaa, na maisha yao yote walifundishwa jambo moja tu.

"Simama!" Fisi akapiga kelele. "Simameni, wanangu! Si mimi niliyewalea?"

Hawakusimama.

Pimbi akamfumba Chausiku macho. Masikio hakuwahi.

Basi shikeni hili: anayefunza ukali peke yake, asidai huruma siku atakapoihitaji.