Kondoo Dume wa Piusi

Kuna watu ambao wakichomwa na mwiba waliouchonga wenyewe, hutaka mtaa mzima uwalilie. Methali inasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, maana yake aliyejitakia balaa asitafute wa kumhurumia. Piusi, dalali wa vyumba pale Karatu, alifundishwa methali hiyo tangu shule ya msingi. Iliingia sikio hili ikatokea lile.

Cresensia alikuwa muuguzi, na kinywa chake kilisema pole tangu asubuhi hadi jioni. Alipanga chumba kando ya barabara ya Ganako, katika nyumba ya mzee Bartolomeo, aliyeishi Mbulu na kumwachia Piusi funguo. Januari ya mwaka 1982, Piusi aliandika mapatano kwa mkono wake mwenyewe, kwa madaha yote: atakayeyavunja kabla ya mwaka kwisha, awe mpangaji au dalali, atampa mwenzake kondoo dume aliyenona, mbele ya balozi wa nyumba kumi. Faini ya kondoo ilikuwa desturi ya wazee wa huko, na Piusi alikuwa mpenzi mkubwa wa nyama.

Juni barua ikaja. Cresensia alikuwa amepata nafasi ya ukunga huko Endulen, nafasi aliyoisubiri miaka minne. Asiporipoti kabla ya Jumamosi, angepewa mwingine, na lori la kwenda huko lilikuwa moja tu, la Ijumaa. Jumatatu alfajiri akamfuata Piusi, barua mkononi.

"Kondoo yuko wapi?" Piusi aliuliza hata kabla ya kuisoma.

"Kaka Piusi, kondoo nitamtoa wapi? Mwalimu Leonida yuko tayari kuhamia hata kesho. Chumba hakitakaa bure."

"Karatasi haisemi habari za Leonida."

"Basi tukifute hicho kifungu cha kondoo, kisikubane wewe wala mimi."

Piusi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mimi kitanibana nini?"

Jamani, kuna mtu na mtu! Jumanne Leonida alikuja na godoro lake, Piusi akamfukuza. Cresensia akaenda kwa balozi, mzee Josephati, mara tatu. Bila barua ya balozi ya kuhama, hakuna ambaye angempokea ugenini.

"Binti yangu, sahihi ni yako," mzee alisema kwa masikitiko. "Siwezi kukuandikia barua na mapatano hayajaisha."

Jumatano usiku Cresensia hakupata usingizi. Miaka minne ya kusubiri ilikuwa inakwenda na maji kwa sababu ya supu ya mtu mmoja.

Alhamisi saa nne, trekta likasimama mbele ya nyumba. Akashuka mzee Bartolomeo na fimbo yake, miguu imevimba, godoro likimfuata nyuma. Zahanati ilikuwa karibu, alisema, naye alitaka chumba chake leo hii. Piusi akatimua mbio hadi uani, ambako Cresensia alikuwa akifua.

"Dada Cresensia! Ondoka, dada yangu, hata sasa hivi! Kondoo nimekusamehe!"

Moyo ulimruka Cresensia, akatamani kukimbilia kamba afunge mizigo. Lakini hasira za siku nne zilikuwa zimemfika kooni.

"Wewe ndiye unayenitoa?"

"Ndiyo, ndiyo!"

"Twende ukayaseme hayo kwa balozi."

Mbele ya balozi na mzee Bartolomeo, Cresensia akatamka, "Mimi nakaa hadi Desemba." Alijua fika kwamba lori lilikuwa la kesho.

"Si ulitaka kuondoka tangu Jumatatu?" Piusi alimaka.

"Karatasi haisemi habari za nilichotaka."

Balozi alikohoa kuficha kicheko. "Huyu aliomba, Piusi, hakuvunja. Anayemtoa mpangaji leo ni wewe. Na mwandiko huu ni wa nani?"

"Tangu Jumatatu mtu anaomba kuondoka," Bartolomeo alifoka, "nami nasimama juani na miguu hii! Toa kondoo, twende zetu!"

Piusi akamleta dume aliyemnonesha kwa ajili ya Krismasi, akimvuta huku machozi yakimlengalenga. "Jamani, hata pole hamniambii?"

Wote wakamgeukia Cresensia, mwenye pole zake. Kwa mazoea akafumbua kinywa, kisha akakifumba. Akamgeukia Bartolomeo. "Pole na miguu, babu," alisema, akapokea barua yake ya kuhama.

Ijumaa lori liliondoka kuelekea Endulen, Cresensia juu ya magunia, kondoo dume kafungwa ubavuni mwake akilia mee. Piusi alisimama barabarani akimsimulia kila mpita njia yaliyompata. Walimsikiliza, wakamuuliza kifungu kile aliandika nani, wakaendelea na safari zao. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.