Usukani wa Jumbe Kimweta

Hapo zamani, katika mji mmoja wa Mrima, alitawala Jumbe Kimweta wa Shatu. Siku moja akapita Mwingereza, akakaa barazani, akaona wazee wanagombana na Jumbe akiwachochea, naye akasema neno moja la kwao: ungovernable. Jumbe hakujua maana yake, akalipenda kwa urefu wake. Akachinja ng'ombe, akalitwaa liwe jina lake la heshima, ikawa kila Ijumaa mpiga mbiu hulitangaza mbele ya msikiti.

Basi Ijumaa moja Mbwiga Mwinyihaji, fukara aliyepata kusoma kwa mapadri, alishindwa kujizuia, akacheka. Akashikwa, akapelekwa barazani mbele ya Jumbe.

"Wanicheka jina, Mbwiga?"

"Sikucheka jina, Bwana. Nilikumbuka asili yake."

"Kumbe waijua. Basi niletee hiyo asili, niishike kwa mikono yangu kabla ya alasiri. La sivyo, wewe na mkeo mtahama mji huu."

Mbwiga akatoka mnyonge, maana mkewe alikuwa mja mzito na hawakuwa na jamaa kwingine. Alipofika bandarini akaiona mashua ya Jumbe imekwisha kupakiwa, na mabaharia wamekwenda kula. Akasimama, akawaza. Kisha akaingia majini, akang'oa usukani, akaubeba hadi barazani ukichuruzika maji, akaulaza mapajani mwa Jumbe.

"Asili ndiyo hii, Bwana. Neno lako limevaa kilemba na viatu kama mgeni. Livue kilemba, un. Livue viatu, able. Hubaki mwenyewe, govern, yaani kutawala. Waingereza walimpata kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Warumi, Warumi kwa Wayunani. Na kwa Wayunani kazi yake ilikuwa kushika usukani."

Jumbe akaupapasa kwa furaha. "Nami ndiye nahodha. Na kilemba na viatu, je?"

"Viatu husema yawezekana, kilemba husema hapana. Ukitaka kuliona neno zima, tazama mashua yako."

Wakatazama. Mabaharia walikuwa wameng'oa nanga kabla ya kugundua kuwa usukani haupo, na mashua ikizunguka bandarini, kila mmoja akitoa amri yake.

Wazee wakainamisha macho mikekani. Jumbe akamgeukia Mbwiga.

"Wangapi mjini wajua haya?"

"Wote waliofanya kazi kwa Wazungu, Bwana. Ndiyo maana Ijumaa watu hujaa msikitini."

Jumbe akajaribu kukasirika, kicheko kikamshinda. "Hutahama," akasema. "Karudishe usukani."

Ijumaa iliyofuata mpiga mbiu akamtangaza Jumbe kwa jina alilopewa na babake, na msikitini wakaja watu wa kuswali tu.