Mistari ya Mkaa

Ndugu zangu, tukisikia mtu anafanya jambo kisirisiri, mawazo yetu yanakimbilia wapi? Kwa mwizi. Kwa mume mwenye nyumba ndogo. Leo nisikilizeni habari za watu wawili waliopendana.

Huko milimani Lushoto alikuwepo seremala mmoja, Shemdoe. Macho yake yakaanza kufifia. Akanyamaza. Aliogopa wateja watamkimbia. Zaidi aliogopa mkewe ataanza kumshika mkono kama mtoto. Basi akawa hatulii. Anaketi, anasimama, anapapasa mbao huku akiimba kwa sauti ili mtu asigundue.

Mkewe, Mama Hiza, aligundua. Naye akanyamaza, asije akamwaibisha mumewe. Mzee akitoka tu, mama anaingia karakana kisirisiri, anaokota misumari sakafuni, anakoleza kwa mkaa mistari ya penseli aliyochora mumewe. Halafu anarudi jikoni, lakini hapiki kwa raha. Kila msumeno ukilia, roho yake inaruka.

Asubuhi moja msumeno ukamchana Shemdoe kidole. Mama akaja mbio, akakifunga kwa upande wa khanga, na machozi yakamshinda.

"Baba Hiza, najua huoni."

"Nani kakwambia?"

"Nakukolezea mistari tangu masika."

Mzee akaacha hata kuugulia kidole. "Kumbe ni wewe? Mke wangu, mimi niliiona ile mistari nikajua macho yanapona! Ndiyo maana sikwenda hospitali."

Walikwenda siku hiyohiyo. Daktari alimpima, akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto wangelipigania. La kulia lilikuwa limekwisha. "Mngekuja masika," alisema, "tungeyaokoa yote mawili."

Haya, niambieni: katika nyumba ile, mwovu alikuwa nani? Hakuna! Mmoja alificha ugonjwa kwa aibu, mwingine akaficha msaada kwa upendo, na katikati yao jicho likafa.

Sisi je? Tunasema, "Sitaki kumpa mawazo." Tunatabasamu mezani, tunajibu "niko salama," na mwenzetu naye anatujibu hivyohivyo. Hata Mungu tunamwomba kwa mafumbo, kana kwamba hajui! Ndugu yangu, yupo mtu nyumbani kwako unayemficha jambo kwa sababu unampenda. Mpende, umwambie. Usingoje damu.